Moshi Wetu Wenyewe: Hesabu ya Kaboni Inayoanzia Jikoni



Nimeombwa nizungumzie gesi ambayo maisha ya kila mmoja wetu huipeleka angani, na namna ya kuipunguza. Wengi wetu tukisikia habari hizi redioni huwaachia wenye viwanda, wenye ndege na mataifa makubwa. Kwa sehemu kubwa tuna haki ya kufanya hivyo, na nitaeleza sababu. Lakini iko sehemu iliyo yetu, nayo iko jikoni. Ninachotaka mwondoke nacho leo ni hiki: familia ya mjini inayopikia mkaa ina alama ya kaboni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na sehemu yake kubwa inatoka kwenye jiko lake. Jiko hilo linaweza kubadilishwa ndani ya muda mfupi, iwapo wenye uwezo wataanza na wenye mamlaka watawaondolea vikwazo wasio na uwezo.

Hesabu ya dunia na mahali petu

Alama ya kaboni ya mtu ni jumla ya gesijoto zinazotokana na maisha yake kwa mwaka mzima: anachochoma mwenyewe, na kinachochomwa na wengine ili yeye apate umeme, chakula, nguo, nyumba na usafiri. Kubwa kwa wingi ni hewa ukaa. Ipo pia methani, itokayo kwenye matumbo ya ng'ombe, majaruba ya mpunga, madampo ya taka na matanuri ya mkaa. Methani ni chache lakini kali. Kilo moja yake huipasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ukipima kwa kipindi cha miaka 100. Wataalamu huzigeuza gesi zote kuwa kipimo kimoja, tani za hewa ukaa, ili zijumlishike.

Fikra ya kumpima mtu namna hii ilikuzwa miaka ya 1990 na William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walipokuwa wakikadiria ni eneo gani la ardhi linahitajika kuyabeba maisha ya mtu mmoja. Kisha wafanyabiashara ya mafuta wakaidaka. Mwaka 2004 kampuni ya BP ya Uingereza iliweka kikokotoo mtandaoni ili kila mtu apige hesabu ya kaboni ya nyumba yake. Wako wasomi wanaosema kwamba pale ndipo lawama ilipotolewa kwenye visima vya mafuta na kuwekwa kwenye swichi ya taa ya mwananchi. Wana hoja nzito. Mtu asiyechagua umeme wake unazalishwaje wala barabara yake inapita wapi hawezi kubebeshwa dhambi zote za mfumo. Hata hivyo kipimo chenyewe hakina kosa. Kikitumiwa kwa haki, kinaonyesha nani anachoma nini, na nani aanze kuacha.

Basi tukitumie kwa haki. Ukichukua hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji, wastani wa dunia ni karibu tani 4.7 kwa mtu kwa mwaka. Mmarekani ana tani 14 hivi. Mkazi wa Qatar ana zaidi ya 35. Mkenya hafikishi nusu tani, na Mtanzania ana kama robo tani tu. Ndani ya mataifa nako kuna matabaka: shirika la Oxfam lilichapisha mwaka 2023 hesabu inayoonyesha kwamba asilimia 1 ya watu matajiri zaidi duniani walitoa asilimia 16 ya hewa ukaa yote ya mwaka 2019, sawa na watu bilioni 5 walio maskini zaidi. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kumhubiria mama lishe wa Manzese, hapa Dar es Salaam, kwamba dunia inaungua kwa sababu yake, mwambieni aanzie kwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na waliochoma kwa karne mbili wasituambie kwamba wetu ni mwepisi.

Lakini wastani una tabia ya kuwaficha watu. Ndani ya ile robo tani wamo mkulima wa Kibondo asiye na umeme na mkurugenzi wa Masaki mwenye magari mawili, viyoyozi sita na jenereta. Ndani ya ukumbi huu pia hatulingani. Tena kuna jambo zito zaidi ambalo ile robo tani hailisemi kabisa.

Kilichoachwa nje

Katika hesabu niliyowatajia mkaa wetu haumo. Mkaa hautoki kisimani wala mgodini. Unatokana na mti, na mti ukikatwa huandikwa katika daftari jingine, la misitu na matumizi ya ardhi, bila kutajwa sufuria iliyoupikia. Kwa hiyo nishati kubwa kabisa ya nyumba zetu inakosekana kwenye hesabu ambayo mtu angeitazama ili ajue alama yake. Vikokotoo vya mtandaoni navyo vimetungwa kwa maisha ya London na Chicago. Vitakuuliza una hita ya aina gani na umeruka kwa ndege mara ngapi. Kuhusu gunia la mkaa havikuulizi.

Na gunia hilo ni jambo kubwa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu sekta ya mkaa nchini Tanzania. Ilikadiria matumizi ya nchi kuwa takriban tani milioni 1 kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Ilionyesha pia kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 nyumba za jiji hili zilizotegemea mkaa kama nishati kuu ya kupikia zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Tulikuwa tunajenga, tunasoma, tunanunua simu, na papo hapo tunarudi kwenye mkaa. Tangu hapo jiji limekua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 5.3.

Tanuri

Ili kuielewa hesabu ya mkaa, hebu twende porini, kule Kilosa, Handeni au Rufiji, kwenye misitu ya miombo.

Mchoma mkaa huchagua miti migumu, myombo na mtondoro, kwa kuwa ndiyo hutoa mkaa mzito usioisha upesi. Hukata magogo, huyalaza kwa kupangana, huziba nafasi kwa matawi, hufunika kwa majani, kisha hukandika udongo juu mpaka rundo lote linakuwa kama kaburi refu. Upande mmoja huacha mlango wa kuwashia, na ubavuni matundu madogo ya kupumulia. Ufundi wote uko kwenye hewa. Ikiingia nyingi, magogo yanawaka na kuwa majivu. Ikikosekana kabisa, moto unakufa. Kwa hiyo siku zote za kuchoma mchomaji hulala hapo hapo karibu, na udongo ukibomoka usiku wa manane huamka na jembe kuziba. Moshi ndio saa yake. Kwanza hutoka mzito na mweupe, maji ya mti yanakauka. Baadaye huwa wa manjano, unaochoma macho. Unapokuwa mwembamba na wa samawati, anajua magogo yamekwisha kuwa mkaa, na hufunga matundu yote.

Kazi yote hiyo, kwa tanuri la kienyeji, hutoa tani 1 ya mkaa kwa tani 5 hadi 8 za miti. Kilichobaki kimepanda hewani: hewa ukaa, methani, na gesi nyingine za sumu ambazo mchomaji mwenyewe amezivuta kwanza. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo sisi wa mjini hatulioni. Tunapouwasha mkaa barazani tunaona jiko safi lisilo na moshi mwingi, tukadhani tumezikwepa kuni. Moshi umekwisha kutolewa, porini, kwa niaba yetu.

Hesabu ya nyumba moja

Sasa tuhesabu. Chukueni familia ya watu watano, Mbagala au Tandale, inayopikia mkaa kila kitu: chai ya asubuhi, ugali, maharage, wali, na maji ya kuoga ya mtoto. Tuseme inamaliza gunia la kilo 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilo 600.

Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo 2.8 za hewa ukaa. Jikoni peke yake, basi, ni kama tani 1.7. Lakini kilo 600 za mkaa zilihitaji tani 3 hadi 5 za miti, na nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Kaboni hiyo yote ikipanda angani, na mahali pake pasiote kitu, tunapata tani 5.5 hadi 9 za hewa ukaa kwa familia hiyo moja. Ikiwa nusu ya msitu ule itaota tena, tukate hesabu kwa nusu: tani 3 hadi 4.5. Gawanya kwa watu watano. Kila mmoja, hata mtoto mchanga, ana kati ya nusu tani na tani nzima. Ile robo tani ya vitabu imeongezeka maradufu au zaidi kwa sababu ya chungu tu.

Familia hiyo hiyo ikipikia gesi ya mtungi, na ikamaliza mtungi wa kilo 15 kwa mwezi, inachoma kilo 180 kwa mwaka. Kila kilo ya gesi hutoa kilo 3 za hewa ukaa, kwa hiyo jumla yake ni kilo 540. Ongeza meli na malori ya kuileta. Bado haifiki hata robo ya ile hesabu ya mkaa. Ikipikia umeme, uniti 3 kwa siku, hutumia uniti 1,100 hivi kwa mwaka. Umeme wa gridi yetu unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia. Uniti ya maji karibu haitoi kitu. Uniti ya gesi hutoa kama nusu kilo. Nusu kwa nusu, tunapata takriban robo tani kwa familia nzima. Na Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuzalisha mwaka 2024, kwa hiyo hesabu hiyo inazidi kushuka.

Narudia ili vijana waandike: mkaa tani 3 na zaidi, gesi zaidi kidogo ya nusu tani, umeme robo tani. Chakula kile kile, familia ile ile.

Majibu kwa hoja ninazozisikia

Hoja ya kwanza: mti huota tena, mafuta hayaoti. Ni kweli, na miombo ina sifa njema ya kuchipua kutoka kwenye kisiki. Lakini huhitaji muda na amani. Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa viliwekewa mpango wa kuvuna mkaa kwa utaratibu: msitu wa kijiji umegawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupishana, na kila kipande huachwa miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Kijiji hupata ushuru na mchomaji hupata kibali. Mkaa wa namna hiyo una kaboni inayorudi msituni. Huo ndio mkaa tunaopaswa kuudai, na ndiyo njia ya heshima kwa wanaoishi kwa tanuri. Ila sehemu kubwa ya mkaa unaoingia mjini hautoki huko. Unatoka mahali ambapo, baada ya shoka, hufuata moto, shamba na mifugo, na kisiki hakipati nafasi.

Hoja ya pili: gesi ya mtungi nayo ni mafuta ya nje, tutakuwa tumetoka kwenye maji ya moto tukaingia motoni. Hesabu niliyoitoa inajibu. Gesi si mwisho wa safari. Umeme ndio mwisho. Lakini mtu aliye kwenye mkaa wa msitu usioota anapunguza zaidi akihamia kwenye gesi leo, kuliko akikaa miaka kumi akiusubiri umeme wa bei nzuri. Tahadhari ninayoitoa ni juu ya mkaa mbadala. Uliotengenezwa kwa pumba, maganda au vumbi la mkaa lililokuwa likitupwa ni mzuri. Uliotengenezwa kwa makaa ya mawe unaokoa miti, lakini kaboni yake ni ya kale, iliyokuwa imelala ardhini, na haina msitu wa kuirudisha.

Hoja ya tatu ni ladha, na siichukulii kwa wepesi, kwa kuwa chakula ni utu wetu. Kila mpishi wa pwani anajua kupalia: wali wa nazi ukikaribia kukauka, unatia mfuniko, unaweka makaa juu, unapunguza ya chini, na punje zinaiva kwa joto la pande mbili hadi tui linanukia nyumba nzima. Wali huo sitaki ufe. Ila tazameni mkaa wetu unakwisha kwenye nini. Hauishii kwenye kupalia, wala kwenye mishkaki ya Jumamosi. Unaishia kwenye kuchemsha: maharage, makande, kongoro, nyama ngumu, saa mbili hadi tatu jiko likilishwa. Maharage hayapati ladha yake kwenye mkaa. Yanaipata kwenye vitunguu, nazi na chumvi vinavyotiwa baadaye. Loweka usiku, yachemshe kwenye jiko la presha la umeme, na kabla ya saa moja yameiva kwa umeme usiofika nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya shilingi 350 na ushei kwa uniti, hiyo ni chini ya shilingi 200. Kisha yaunge kwa moto wowote upendao. Ondoa vyakula vya kuchemsha kwa muda mrefu kwenye mkaa, na umeondoa sehemu kubwa ya gunia bila kugusa pilau ya sikukuu.

Kuna pia jambo ambalo halihitaji hoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Anayevuta moshi ni mama, na mtoto aliye mgongoni mwake. Hata kama hewa ukaa isingekuwapo, hilo peke yake lingetosha kutufanya tubadilike.

Barabara, anga na sahani

Sasa nageukia wale ambao jikoni wamekwisha kuhama. Mfanyakazi anayeishi kilomita 20 kutoka kazini, akiendesha peke yake kwenda na kurudi siku 250 kwa mwaka, anakwenda kilomita 10,000. Katika foleni zetu litri moja humpa kilomita 10. Litri 1,000 za petroli, kilo 2.3 za hewa ukaa kwa kila litri: tani 2.3 za mtu mmoja, karibu mara kumi ya wastani wa nchi. Abiria wa daladala iliyojaa anatumia chini ya sehemu moja ya kumi ya hiyo kwa kila kilomita. Ndiyo maana mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ni hatua kubwa ya tabianchi kuliko kampeni nyingi. Na ndiyo maana uchache wa mabasi na msongamano wa vituoni si kero tu, ni watu wanaosukumwa kurudi kwenye magari yao. Anayekwenda Morogoro au Dodoma ana treni ya umeme tangu mwaka 2024. Aipande.

Ndege ina hesabu yake. Kwenda na kurudi Dubai ni kilomita 8,000 hivi, na kila abiria wa daraja la kawaida ana kati ya nusu tani na tani moja. Mwenye kwenda mara nne kwa mwaka kwa manunuzi amezidi familia nzima inayopikia gesi au umeme. Mikutano mingi tunayosafiria ingefanyika kwa simu, na sisi tunaoalikwa mikutanoni tunajua hivyo.

Kwenye sahani sitakaa sana. Kilo ya nyama ya ng'ombe hubeba gesijoto mara kadhaa kuliko kilo ya kuku, na maharage yako chini kabisa. Familia inayokula nyama siku za sikukuu haina cha kupunguza. Anayeila mchana na usiku anacho. Wote tunacho kimoja: kumwaga. Chakula kilichoozea dampo la Pugu Kinyamwezi kinatoa methani, na kwanza kimekwisha kuchomewa mkaa.

Nani afanye nini

Nimesema mwanzo kwamba kipimo hiki kitumiwe kwa haki. Haki yenyewe ni kwamba wajibu ufuate uwezo.

Mwenye mshahara, mita yake na nyumba yake hana udhuru. Ahamishe vyakula vya kuchemsha kwenye umeme au gesi mwezi huu, na vingine vifuate. Kama nyumbani kuna dada wa kazi, amfundishe na kumwamini na jiko jipya. Nyumba nyingi zina mtungi wa gesi wa baba na mama, na mkaa wa dada nyuma ya nyumba, na gunia linaisha vile vile.

Anayenunua mkaa kwa kopo, kwa sababu fedha yake inaingia kwa siku, analipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Kwake hatua ya kwanza ni jiko banifu la udongo na bati. Mafundi wa Kenya walilisambaza tangu miaka ya 1980, likakata mkaa kwa theluthi hadi nusu. Pamoja nalo, kufunika sufuria, kukata vipande vidogo, na kuyazima makaa yaliyobaki kwenye debe lenye mfuniko ili yatumike kesho.

Lakini juhudi za huyu zinagonga ukuta ambao hakuujenga yeye, na hapa nawageukia wenye nyumba na wenye mamlaka.

Nyumba ya uswahilini ina wapangaji sita na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Sheria ya kwanza ya mwenye nyumba ni kwamba jiko la umeme marufuku, kwa kuwa uniti zikiisha ugomvi huanza. Umeme umefika hadi kitandani kwa mpangaji, na kwa sheria ya nyumba hauruhusiwi kufika kwenye sufuria. Mita ndogo kwa kila chumba ingeumaliza ugomvi huo. Isaidiwe kwa mkopo au ruzuku, kwa sababu ni nishati safi ya kupikia sawa na mtungi unaogawiwa kwenye mkutano wa hadhara.

Bei nayo. Umeme wa bei nafuu kwa watumiaji wadogo huishia uniti 75 kwa mwezi. Familia yenye taa, feni na televisheni iko ndani ya kiwango hicho. Ikiongeza chungu, uniti 90 za kupikia peke yake, inatolewa na kutozwa bei ya kawaida, iliyo karibu mara tatu. Tunamwadhibu anayeacha mkaa. Kiwango hicho kipandishwe kitoshe taa na chungu pamoja.

Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wamehama ifikapo mwaka 2034. Ni lengo la kujivunia. Litafikiwa kwa mambo madogo kama mita na bei niliyoyataja, na kwa fedha za mataifa yaliyochoma zaidi. Mwezi huo huo, mjini Paris, ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati ya kupikia Afrika. Tuulize zimefika wapi, kila mwaka, kwa sauti, mpaka zitakapofika.

Ndugu zangu, mnakumbuka Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilipoporomoka kwa ukame na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Tulipanga ndoo foleni, tajiri na maskini. Mvua haikunyesha kwa sababu zilizo kubwa kuliko sisi, na hizo tutazidi kuwadai wenyewe. Msitu unaoyashika maji ya mvua kidogo inayonyesha, huo uko mikononi mwetu, na tunauingiza mjini kwa magunia.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa kila kundi. Vijana, mkifika nyumbani chukueni bei ya mkaa ya mwezi mzima, igawanyeni kwa siku 30, iwekeni karibu na bei ya uniti 3 za umeme, na muwaonyeshe wazazi. Wenye nyumba, kaeni na wapangaji wenu mzungumzie mita. Wenzangu wenye mishahara, tutangulie, kwa kuwa hatuwezi kumtaka mama lishe afanye lile ambalo sisi, wenye kila nyenzo, hatujalifanya. Tutakapokwenda tena kwenye mikutano ya dunia kudai haki yetu, na lazima twende, twende tukiwa na hesabu yetu mkononi, safi, tuliyoipiga wenyewe.